Klachi Iwe Nzito

3 Machi

Kwa mke wangu,

Leo ni tarehe tatu Machi. Nimetimiza miaka minne na miezi saba tangu nilipoondoka hapo nyumbani na begi lenye zipu mbovu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho tulipigizana kelele mpaka wenzangu saba wa chumbani wakapunguza redio ili wasikie vizuri, na kesho yake kazini mmoja akaniuliza kama mke ameshakubali. Barua haina kelele. Ukikasirika utakasirikia huko huko.

Mimi mzima. Kazi ni ile ile ya vigae. Tumemaliza ghorofa ya tisa, tumeingia ya kumi. Asubuhi napiga magoti, saa sita nasimama kula, nikimaliza napiga magoti tena mpaka jioni. Msimamizi anapita na pimamaji yake, akiona kigae kimoja kimeinuka unene wa ukucha anakigonga kwa kiatu, maana yake ng'oa.

Sasa gari. Nimeamua. Litanunuliwa mwaka huu na litakuwa la gia za mkono. Najua unataka otomatiki. Otomatiki ni kulishwa kwa kijiko, unafungua mdomo tu. Kabla sijawa mtu wa magoti nilikuwa dereva wa lori la duka la mbao, unakumbuka. Ile kutoka namba mbili kwenda namba tatu kwenye kona ya kiwanda, injini ikibadilisha sauti mkononi mwangu, ndiyo raha pekee ya ujana wangu ambayo haikunipa majuto. Nataka niipate tena kabla sijazeeka.

Wala sisemi gari la mbio lisilo na nafasi. Liwe na milango mitano. Viti vya nyuma vilale, marobota yako ya sare yaingie, na mama aingie bila kuinamishwa kichwa kama mshtakiwa. Raha mbele, kazi nyuma. Atakayechagua ni Spana, kwa sababu ndiye fundi na ndiye rafiki yangu. Wewe kazi yako ni kuondoa yale mapipa uani ili gari lipate pa kulala.

Usinipigie simu juu ya hili.

Mumeo


29 Machi

Kwa mume wangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta mahali ulipouliza mimi naonaje. Mara ya pili nilikuwa nahakikisha kwamba hapapo.

Umesahau kutaja tuligombana kwa nini. Nikukumbushe. Nilikwambia nimejifunza kuendesha kwa gari la dada yangu, na kwamba nimeweza kutoka kwake mpaka kiwandani na kurudi bila kugusa ukuta. Nilidhani utacheka ufurahi. Ukaniuliza nani alinipa ruhusa. Sasa umeandika kurasa mbili nzima kuhusu gari, na hilo la mimi kujua kuendesha halimo hata kwa mstari mmoja. Gari la dada ni otomatiki, na wewe unalijua.

Kwa hiyo nakuuliza swali la mtu mzima. Hilo la gia litaendeshwa na nani? Wewe uko ghorofa ya kumi. Spana ana gereji yake. Mama yako ana miaka sabini na miwili na hata baiskeli hajapanda. Yeye kila Jumanne anatakiwa kliniki ya moyo, na kila Jumanne nampigia magoti jirani mwenye teksi. Sare nazipeleka mashuleni kwa mkokoteni. Mwezi uliopita mvua ilitukuta njiani, sketi za shule nzima zikachuja rangi, nikazishona upya.

Wewe unatafuta sauti ya injini. Mimi natafuta kitu cha kuweka mgonjwa na marobota. Nunua otomatiki ndogo yenye buti pana, mambo yaishe. Utakapokuja tafuta lori la mbao ulikumbatie.

Mapipa nimeyaondoa. Nilitaka kuyaondoa tangu mwaka juzi.

Mkeo


20 Aprili

Spana, ndugu yangu,

Miaka minne na miezi minane na nusu sasa. Naituma hii kwa sanduku la posta la mke wangu kwenye karakana yake ya kushona kama kawaida, kwa kuwa wewe huna sanduku, lakini nimeifunga kwa gundi ya vigae. Hakuna wa kuifungua bila patasi. Isome peke yako, kisha itupe kwenye lile pipa lako la mafuta machafu uichome.

Hela umeshapata kwa yule msafiri. Nataka gari la gia za mkono. Kwa mke wangu nimesema ni kwa sababu ya raha, na ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili nakupa wewe.

Humu chumbani tuna mtu tunamwita Kinyozi, kwa sababu ndiye anayetunyoa Jumapili. Alimpelekea mke wake gari, otomatiki, jeupe. Mwanzo mke alikuwa anaandika kila juma. Baada ya gari akawa anaandika kila mwezi. Sasa ni miezi kumi na moja hajaandika, na shemeji yake amesema gari huonekana mbele ya nyumba nyingine. Kinyozi hunyoa watu huku anasimulia habari hiyo, na mikono inamtetemeka. Tumeacha kumpa wembe, siku hizi anatumia mashine tu.

Mimi simsemi mke wangu kwa ubaya. Lakini mwanamke akiwa na funguo hasubiri mtu. Atasubiri kwa sababu gani? Kila kitu atakifikia mwenyewe. Nikija nitakuta nyumba imezoea kuwa bila mimi.

Kwa hiyo liwe la gia. Amejifunza lile la dada yake, la kukanyaga na kwenda. Hili hataliweza. Na ukipata nafasi ya kuchagua, chagua lenye klachi nzito, ile inayomfanya mtu ajutie kuwa na mguu. Lakini liwe zuri, jepesi, lenye kona tamu, kwa sababu nitaliendesha mimi. Likishanunuliwa funguo kaa nazo wewe. Mama akienda kliniki utampeleka wewe.

Goti la kushoto linanisumbua kidogo, linalia kama bawaba. Ni uchovu tu. Usimwambie mtu.

Rafiki yako wa kwenye mbao


11 Mei

Ndugu yangu,

Barua yako nimesomewa. Aliyeisoma ndiye anayeiandika hii, na nimemwomba aandike kila neno ninalosema hata kama halimpendezi. Amekubali.

Kuna jambo nilikuficha. Mwaka wa pili baada ya wewe kuondoka betri ilipasuka usoni pangu. Jicho la kulia halipo tena. La kushoto linaona rangi na ukubwa wa kitu, basi. Injini naijua kwa vidole na masikio, kwa hiyo gereji ipo na wateja wapo, lakini karatasi haina sauti. Sikukwambia kwa sababu ungesema nifunge. Barua zako alikuwa ananisomea binti yangu, mpaka alipoolewa mwaka jana akahama. Tangu hapo nakwenda karakanani kwa shemeji, ananisomea huku cherehani zinalia. Hivyo ndivyo umekuwa ukituandikia wote wawili kwa mwaka mzima bila kujua.

Hii ya gundi niliifungua kwa patasi kama ulivyosema, nikampa. Alipofika pale pa kuichoma alisimama akaniuliza kama aendelee. Mimi mjinga nikadhani ni utani wako, nikasema endelea. Akasoma. Ya Kinyozi akaisoma. Ya funguo akaisoma. Mafundi wake wawili waliacha kushona, na mmoja akatoka nje akajifanya anakohoa. Alisoma mpaka sahihi yako mwishoni, sauti haikupanda wala haikushuka. Kisha akakunja karatasi vizuri akasema, "Mtafutie gari la gia, shemeji. Lililo zuri kuliko yote."

Nimelipata. Lilikuwa la nesi mstaafu. Milango mitano, rangi ya bluu iliyochoka, gia tano. Mkono wa gia ni mfupi na unaingia kama kisu kwenye sabuni. Ni jepesi, kwenye kona halilali, na injini ndogo inaimba ukiivuta mpaka juu. Viti vya nyuma vinalala chini kabisa na buti inameza marobota kumi. Mlango wa nyuma ni mpana, mama yako ameingia kichwa juu. Ulitaka raha mbele na kazi nyuma, basi hilo hapo.

Klachi ni nzito kweli. Kebo yake imechoka. Nilitaka kuibadilisha, ni kazi ya nusu saa. Shemeji amekataa. Amesema iachwe kama mwenye gari alivyoagiza.

Funguo amezichukua yeye. Sina macho ya kugombania funguo.

Spana

Nimeandika alivyosema. Sikuongeza wala sikupunguza.
Mwandishi


4 Juni

Kwa mke wangu,

Miaka minne, miezi kumi na siku moja, na sijawahi kuvuliwa nguo mbele ya watu mpaka mwezi uliopita.

Mke mwenye adabu akiona barua imeandikwa jina la mtu mwingine, na imeandikwa choma, anaacha. Wewe ulifika pale ukaendelea mbele ya mafundi wako. Uliona utamu. Usiniambie Spana alisema endelea, Spana haoni. Wewe ndiye uliyekuwa na macho.

Ndiyo, niliandika. Na sifuti. Hujui kulala chumba kimoja na Kinyozi. Hujui kumsikia mtu mzima akifanya hesabu za siku ambazo mke wake hajaandika, kila asubuhi, huku anapiga mswaki. Wewe uko katikati ya watu wako, kitanda chako, mama yangu anakuandalia chai. Mimi nina kitanda cha juu, na chini yangu mtu anakoroma. Kitu kimoja tu nilichokuwa nacho ni kwamba kuna mahali wananingoja. Wewe ukaenda kujifunza udereva kabla sijakuuliza.

Gari litolewe magurudumu likae juu ya matofali mpaka nije. Usilitie ufunguo. Nimesema.

Na Spana umwambie anapaswa kuona haya, angenieleza habari ya jicho.

Mumeo


30 Juni

Kwa mume wangu,

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Gari halipo juu ya matofali. Liko nje ya karakana na ndani yake kuna sare za shule mbili.

Umeniita mtu asiye na adabu. Sawa. Niliendelea kusoma kwa sababu nilitaka kufika mwisho nione kama kuna mahali utasema jambo moja jema juu yangu. Kulikuwa na sentensi moja, kwamba hunisemi kwa ubaya. Kisha ukaja na lakini.

Sasa sikiliza nilivyojifunza. Spana alikaa kiti cha pembeni, macho amefumba, maana hayamsaidii. Mama yako akakaa nyuma na mkoba wake magotini kama abiria aliyelipa. Siku ya kwanza gari lilizimika mara kumi na tisa kabla halijatoka uani. Mama yako ndiye aliyehesabu, kwa sauti. Kila likizimika Spana anasema, "Umeachia mapema, shemeji. Klachi ni kama mtoto usingizini, huondoi mkono ghafla." Mguu wangu wa kushoto ulivimba. Nilikuwa nikipanda ngazi nashika ukuta. Na kila nilipoikanyaga ile klachi nilikumbuka ni nani aliyeiagiza, na hilo ndilo lililonipa nguvu. Nilikuwa nakukanyaga wewe. Nakwambia kweli.

Juma la tatu nikaweza kubalansi kwenye kilima cha hospitali, lori mbele na basi nyuma linapiga honi. Halikurudi hata shibri. Mama yako akasema, "Mwanangu kule anajua kuendesha hivi?" Spana akamjibu kwamba alijua, zamani. Mama akasema basi na wewe ukija utapewa zamu.

Leseni nimepata, ya gia. Yule askari wa mtihani alinifanyia hila nyingi, nikazivuka.

Na jambo hili lilinikera kuliko yote: ulisema kweli. Ni raha. Kona ya kiwanda, namba mbili kwenda namba tatu, injini inabadilisha sauti, na ni mkono wangu umeibadilisha. Ungeniandikia hivi: mke wangu, nataka uipate raha niliyoipata mimi. Ningelia. Ukaamua kuitumia kama kufuli.

Wala sikukimbia. Natoka nyumbani naenda karakanani, kliniki, mashuleni, narudi. Mwambie Kinyozi gari halikumwibia mke. Mwambie ajiulize alikuwa anamwandikia nini.

Swali moja. Kwa Spana uliandika goti la kushoto linakuuma. Kwangu hujawahi kuliandika. Linaumaje?

Mkeo


9 Agosti

Kwa mke wangu,

Miaka mitano na siku sita.

Nimebadilisha mawazo. Liuzeni hilo gari. Mnunue otomatiki, ile ndogo uliyoitaka mwanzo, yenye buti pana. Umeshinda, furahi.

Sitaki maswali. Goti ni zima.

Mumeo


1 Septemba

Kwa mume wangu,

Haliuzwi.

Nilipoisoma barua yako kwanza nilicheka, kisha nikaingiwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo hata siku ile ya barua ya gundi. Uliponiona siwezi, ukataka gia. Uliposikia nimeweza, unataka otomatiki. Kumbe hukuwa unachagua gari. Ulikuwa unachagua nikae wapi. Nikisimama huku unahama huku. Mimi si kigae, mume wangu, cha kugongwa kwa nyundo ya mpira mpaka nilale sawa na wenzangu.

Nikampelekea Spana barua yako, nikamsomea. Usinung'unike, imeandikwa jina langu, ni yangu kumsomea nimtakaye. Nilitegemea atacheka nami. Hakucheka. Aliniomba nirudie pale pa goti ni zima. Kisha akafuta mikono yake kwa tambara polepole akasema, "Mtu amelilia gia miaka mitano, leo anaomba otomatiki. Shemeji, hilo si gari lililoharibika. Muulize mguu."

Nimekaa na maneno hayo siku nne. Nimehesabu. Miaka mitano unapiga magoti kutwa. Barua ya Aprili goti linalia kama bawaba. Juni nikakuuliza, Agosti ukasema ni zima, kwa sentensi fupi kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Wewe hata ukipata mafua huandika nusu ukurasa.

Sasa sitaki ubabe. Nimekuonyesha uchi wa hasira yangu yote, mpaka nimekwambia nilikuwa nakukanyaga. Nawe nionyeshe goti. Kama huliwezi hilo, usirudi kwangu, rudi kwa Spana. Yeye haoni, utamficha vizuri.

Kebo ya klachi bado ni ile ile. Spana ana mpya imetundikwa ukutani, anauliza kila siku aifunge au asiifunge. Nimemwambia asubiri barua yako.

Mama yako anaendelea vizuri. Daktari amesema moyo umetulia tangu aache kungoja teksi.

Mkeo


27 Septemba

Kwa mke wangu,

Leo ni miaka mitano, mwezi mmoja na siku ishirini na nne. Nimekaa kwenye ndoo ya gundi iliyogeuzwa, ghorofa ya kumi na mbili, kila mtu amekwenda kula.

Spana ni mchawi. Mwambie hivyo.

Ilikuwa tarehe thelathini Julai. Nilikuwa nimeweka safu ya mwisho kwenye korido, nikataka kusimama, goti likakataa. Halikuuma. Lilijifunga tu, kama mlango. Niliita, wenzangu wakaja wakaninyanyua kama ubao, mguu mmoja umekunjika mbele ya watu. Kinyozi ndiye aliyenibeba mgongoni ghorofa kumi na mbili, kwa sababu lifti ni ya mizigo na siku hiyo ilikuwa imejaa vigae. Tulipofika chini akasema, "Mwandikie mkeo leo. Usingoje." Mimi nikaandika ile ya kuuza gari.

Daktari alilinyoosha. Sasa halikunjiki. Linakwenda kidogo hivi, kisha linasimama. Amesema ndani gegedu limekwisha, na kwamba kutembea nitatembea, lakini kupiga magoti basi, na kukanyaga kitu kizito kwa mguu huo basi. Niliuliza kama klachi ya gari ni kitu kizito. Akauliza klachi ya namna gani. Ningemwambia nini? Kwamba niliagiza mwenyewe?

Msimamizi amenipa kazi ya kufagia na kupanga maboksi mpaka mkataba uishe. Hanigongei tena vigae kwa kiatu. Ananiita mzee. Nina miaka arobaini na moja.

Umeuliza, nimekuonyesha. Usinihurumie. Bado nina hasira na wewe kwa kusoma ile barua mbele ya mafundi. Sijui itaisha lini, na wewe sikuombi uniambie umenisamehe kwa kuiandika, kwa sababu utasema tu na mimi nitajua. Hilo la kigae nimelisoma mara nyingi. Nilikuwa nalijibu kichwani, najibu vikali, kisha naishiwa.

Kinyozi nilimsomea pale uliposema ajiulize alikuwa anamwandikia nini. Siku ya tatu aliniomba kalamu.

Gari msiuze. Nimefikiri nikilala. Sitaki kuja kukuta otomatiki uani, eti mimi niliyeagiza gia nimeishia kulishwa kwa kijiko. Heri nikae pembeni kwenye gari la kweli. Lakini nakuonya mapema, mimi ni abiria mbaya. Ukichelewa kutia namba tatu nitasema. Ukinijibu nitanuna. Mama akianza kuhesabu nitashuka.

Mwambie Spana afunge kebo mpya. Si kwa ajili yangu, mimi sitaigusa. Ni kwa ajili ya mguu wako, umeubebesha vya kutosha.

Ndege yangu inatua Ijumaa, tarehe saba Novemba, saa tisa alasiri. Usimlete dada yako wala watu wa karakana. Njoo wewe na mama, na Spana akitaka. Usije mpaka mlangoni kunishika mkono, nitatembea mwenyewe mpaka kwenye gari, hata kama itachukua muda. Nataka tu uvute kiti cha mbele cha abiria kirudi nyuma mpaka mwisho, nipate pa kuunyooshea mguu. Na injini uiwashe kabla sijafika, niisikie kwa mbali.

Mumeo